Miaka Minne Mlangoni

Wewe unayengoja kazi hapa Buzwagi tangu mgodi ulipoanza kufungwa mwaka 2021, usidhani Mungu amekusahau. Wakumbuke wakatekumeni wa zamani wa Ushirombo, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1891. Kwa agizo la Kardinali Lavigerie, mtu alingoja ubatizo miaka minne. Minne! Siku hizi wengine huja ofisini kwangu kunung'unikia mwaka mmoja. Mahututi tu ndiye aliyebatizwa upesi. Wengine walilima, wakajifunza sala, wakarudi tena kwa katekista. Wao walijua hesabu ya miaka. Wewe hujui siku yako, na hilo ni gumu zaidi, nakiri. Basi jioni hii, hata kama chungu ni kitupu, salini Baba Yetu pamoja na watoto.