Diklofenaki au indomethasini: Ipi hukinga kongosho vyema?

MTU anapogeuka manjano macho na ngozi kwa sababu vijiwe vimeziba mfereji wa nyongo, madaktari wana njia ya kumwondolea adha hiyo bila kumpasua tumbo. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, penye kitundu kinachomimina nyongo. Kitundu hicho hupanuliwa na vijiwe vikatolewa. Utaratibu huu, unaojulikana hospitalini kwa herufi ERCP, ulielezwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1968.

Tatizo ni kwamba kwa watu wengi mfereji wa nyongo na ule wa kongosho hutumia mlango mmoja. Mlango ukiguswaguswa hufura, na maji ya kongosho yakakosa pa kutokea. Maji hayo yameumbwa kusaga chakula, nyama ikiwemo. Yakifungiwa ndani huanza kulisaga kongosho lenyewe.

Kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa ERCP, 3 hadi 10 hivi hupatwa na uvimbe huo. Wengi hupona baada ya siku chache wodini, lakini wapo wanaoharibikiwa na figo au mapafu, na baadhi hufariki. Walio katika hatari zaidi ni wanawake, vijana, waliowahi kuugua kongosho, na wale ambao daktari alihangaika kuupata mfereji wao.

Kwa miaka mingi dawa za kila aina zilijaribiwa bila mafanikio ya kuaminika. Nuru ilianza kuonekana mwaka wa 2003, pale madaktari wa Glasgow, Scotland, walipochapisha matokeo ya wagonjwa 220. Nusu yao walipewa miligramu 100 za diklofenaki, dawa ambayo Wakenya wengi huijua kwa maumivu ya mgongo, na nusu nyingine tembe bandia. Waliopata diklofenaki, 7 waliugua kongosho. Wa tembe bandia walikuwa 17.

Mwaka wa 2012 ikaja zamu ya indomethasini, ndugu wa diklofenaki. Katika utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 602, wengi wao wenye hatari kubwa, asilimia 9.2 ya waliopewa dawa waliugua, ikilinganishwa na asilimia 16.9 ya wale wa tembe bandia.

Si kila utafiti ulioafiki. Mmoja wa Marekani mwaka wa 2016, wenye wagonjwa 449 ambao hawakuchaguliwa kwa kigezo cha hatari, haukuona nafuu yoyote. Lakini mwaka uo huo, nchini China, wagonjwa 2,600 waligawanywa makundi mawili: moja likapewa indomethasini kabla ya utaratibu, wote bila kubagua, na jingine likapewa baadaye, kwa wale tu walioonekana kuwa hatarini. Kundi la kwanza waliugua asilimia 4, la pili asilimia 8.

Ipi bora, basi? Linganisho nyingi kati ya dawa hizi mbili zimefanywa kwa kukusanya tafiti tofauti, hivyo ushahidi wa kuitawaza moja ni hafifu. Mwongozo wa mwaka wa 2020 wa wataalamu wa endoskopi barani Ulaya unaziweka sawa: miligramu 100 za yoyote kati ya hizo, muda mfupi kabla ya ERCP, kwa kila mgonjwa asiye na kizuizi. Kuongeza indomethasini hadi miligramu 200 hakukuleta faida.

Kilicho muhimu kuliko jina la dawa ni njia na wakati. Tembe huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wagonjwa wengine huliona la aibu. Hata hivyo, dawa ikipita huko hufikia kilele chake katika damu baada ya dakika 30 hadi 90, wakati ule ule uvimbe unapoanza kuchochewa. Dawa hizo zikimezwa, hazijaonyesha kinga ya kutegemewa.

Aidha, tembe hiyo haitoshi peke yake kwa kila mtu. Kwa walio hatarini sana, madaktari huweka pia kibomba cha plastiki katika mfereji wa kongosho ili maji yaendelee kutiririka. Wapo waliotumai kwamba dawa ingewaondolea kazi hiyo ngumu. Utafiti wa Marekani na Canada uliochapishwa mwaka wa 2024, wenye wagonjwa 1,950, ulikatiza tumaini hilo: waliopewa indomethasini pekee waliugua asilimia 14.9, na waliowekewa kibomba pamoja na dawa asilimia 11.3.

Wenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, mzio wa aspirini, au ujauzito uliopita wiki 30, hawafai kupewa dawa hizi. Mgonjwa mwenye hali yoyote kati ya hizo anapaswa kumweleza daktari kabla ya siku ya ERCP, si akiwa tayari amelala kitandani.