Kupita Dubai Bila Kuhaha: Mwongozo wa Abiria Anayeunganisha Ndege

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai hupitisha abiria wa kimataifa wengi kuliko uwanja mwingine wowote duniani. Umeshika nafasi hiyo tangu mwaka 2014, na mwaka 2024 ulihudumia abiria milioni 92.3. Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki ni njia panda iliyozoeleka: hupita hapo mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Guangzhou, mwanafunzi anayekwenda Kuala Lumpur, na bibi anayekwenda kumwona mjukuu Toronto. Wengi wao hawaingii mjini. Hushuka ndege moja na kupanda nyingine, na katikati hubaki na saa mbili au tatu za kutafuta njia ndani ya majengo makubwa ajabu.

Msongamano wa hapo hauko sawa saa zote. Shirika la ndege linalotumia uwanja mmoja kama kitovu hupanga ndege zake kutoka pande nyingi zitue kwa kukaribiana, abiria wahamie ndege nyingine, kisha ziruke tena kwa kufuatana. Ndiyo sababu saa nane usiku kumbi zinaweza kufurika, na saa chache baadaye zikapumua. Anayelijua hilo hababaiki akikuta foleni ndefu kwenye ukaguzi. Foleni hiyo imeletwa na ndege nyingi zilizotua pamoja, na hupungua kadiri wimbi hilo linavyopita.

Hata hivyo, taabu nyingi zinazojitokeza Dubai huwa zilianza wiki kadhaa nyuma, siku tiketi iliponunuliwa. Kabla ya kulinganisha bei, msafiri anapaswa kumuuliza wakala kama safari yote, kutoka nyumbani hadi mwisho, iko kwenye tiketi moja. Ikiwa ni moja na ndege ya kwanza ikachelewa hata ya pili ikaondoka, shirika lina wajibu wa kumtafutia abiria nafasi kwenye ndege nyingine, na mizigo yake hupelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali huonekana nafuu, lakini kwa macho ya mashirika hizo ni safari mbili zisizohusiana. Ndege ya kwanza ikichelewa, hasara ni ya abiria. Mara nyingi pia hulazimika kuchukua mizigo yake na kuikabidhi upya, jambo linalomtaka apite Uhamiaji na pengine awe na viza ya Falme za Kiarabu. Akiba ya dola mia moja haifai kununuliwa kwa hatari hiyo, hasa kwa anayesafiri mara ya kwanza.

Kwenye tiketi hiyohiyo kuna jambo linalowasumbua sana watu wa ukanda huu, nalo ni majina. Wengi huandikwa majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, na pasipoti huyapanga katika sehemu mbili: majina ya kwanza na jina la ukoo. Wakala akiandika jina la baba mahali pa jina la ukoo, au mwanamke akikatiwa tiketi kwa jina la mumewe ilhali pasipoti ina jina la babaye, kaunta inaweza kumkatalia. Dawa yake ni kumpa wakala picha ya ukurasa wa pasipoti, kisha kuisoma tiketi herufi kwa herufi siku inapotolewa, maana marekebisho ya siku hiyo ni rahisi kuliko ya siku ya safari. Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, kwani nchi nyingi hudai hivyo.

Saa nazo zinataka utulivu. Tiketi hutumia saa 24 na saa za mahali ndege inapoondokea. Ndege iliyoandikwa 00:30 tarehe 15 huondoka usiku ambao watu wengi wa pwani bado wanauita usiku wa tarehe 14, na abiria anayefika uwanjani jioni ya tarehe 15 atakuwa amechelewa kwa karibu siku nzima. Kosa hili huwapata hata watu makini. Iliyoandikwa 02:35 ni saa nane na dakika 35 usiku, wala haina uhusiano na saa mbili ya asubuhi. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Goma kwa saa mbili. Simu iliyozimwa mtandao inaweza kubaki na saa ya nyumbani, hivyo ni busara kuirekebisha mara tu ndege inapotua.

Suala la viza ya kupita lina mitego yake. Kwa kawaida anayebadilisha ndege Dubai bila kutoka eneo la abiria wapitao hahitaji viza. Asidhani kila uwanja uko hivyo. Uingereza huwataka raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na viza ya kupita hata wasipotoka uwanjani, isipokuwa wenye misamaha kama ile ya kuwa na viza halali ya Marekani au Kanada. Nchi za Schengen huwadai viza ya namna hiyo raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwekwe pamoja na pasipoti. Huanza kutambulika siku ya kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 huhesabiwa kuwa ya maisha.

Begi la mkononi hupangwa kwa kufuata ukaguzi utakavyokuwa. Vimiminika viwe katika vichupa visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha, wenye ujazo wa lita moja. Sheria hii ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Achari, asali, mafuta ya nazi na losheni vyote huhesabiwa humo, na chupa ya achari ya mama inayozuiwa mlangoni huishia kwenye pipa la taka. Vitu hivyo vifungwe vizuri kwenye sanduku kubwa. Pawabenki ni kinyume chake: lazima iwe mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto sehemu ya mizigo hakuna wa kuuzima haraka. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na pawabenki ya mAh 20,000 ina takribani 74. Shirika la Emirates, kuanzia Oktoba 2025, linaruhusu moja tu kwa kila abiria, na haitumiki ndani ya ndege.

Dawa zinahitaji uangalifu wa pekee kwa anayepita Falme za Kiarabu. Dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli, ambazo kwetu mtu huandikiwa bila makuu, huko ni dawa zinazodhibitiwa vikali. Anayezihitaji abebe cheti cha daktari na aulize mapema kuhusu kibali. Miraa ni kosa kubwa la jinai. Mzigo wa mtu mwingine, hata wa jirani mwema anayeomba bahasha tu imfikie nduguye, usipokewe bila kufunguliwa na kuonekana kilichomo, kwa sababu sheria humtazama aliyebeba.

Siku ya safari, saa tatu kabla ya ndege kuruka ni kipimo kizuri, na haihesabu foleni ya barabarani. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, huwashusha abiria kwenye kizuizi cha ukaguzi kabla gari halijafika kwenye jengo. Dar es Salaam, ndege za kimataifa hutumia Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililozinduliwa Agosti 2019 kwa uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka, na mizigo hukaguliwa mlangoni kabla ya kufika kaunta. Ukaguzi mwingine hufuata baada ya Uhamiaji. Mkanda, saa na sarafu zikiwekwa kwenye mfuko wa koti tangu nyumbani, koti hilo huvuliwa mara moja na kazi imekwisha.

Kwenye kaunta kuna kitendo kidogo chenye thamani kubwa kuliko vyote: kusoma lebo inayofungwa kwenye sanduku. Kila uwanja una herufi tatu. Dubai ni DXB, Guangzhou ni CAN, Toronto ni YYZ. Anayekwenda Toronto ahakikishe lebo inaonyesha YYZ kama mwisho wa safari. Ikionyesha DXB pekee, sanduku litabaki Dubai likizunguka kwenye mkanda. Aombe pia kadi zote mbili za kupandia ndege, na ahifadhi kile kikaratasi chenye namba ya mzigo. Anayekwenda Marekani ajue kwamba, kwa kawaida, hata lebo ikiwa sahihi atachukua sanduku lake kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani, apite nalo Forodha, kisha alikabidhi tena kwa safari ya ndani.

Ndege ikitua Dubai, abiria anayeendelea hufuata alama za kuunganisha ndege na kuachana na zile za kutoka na kuchukua mizigo. Atakaguliwa tena, na chupa ya maji aliyonunua alikotoka inaweza kuchukuliwa. Baada ya hapo anatazama skrini na kutafuta namba ya ndege yake, kwa kuwa ndege kadhaa huweza kwenda mji mmoja kwa saa zinazokaribiana. Geti lililoandikwa kwenye kadi linaweza kubadilika, na skrini ndiyo yenye neno la mwisho. Jengo la 3, lililofunguliwa mwaka 2008 na kutumiwa zaidi na Emirates, lina kumbi zinazotambulika kwa herufi ya mwanzo ya geti. Ukumbi A, uliofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya ndege kubwa za A380, hufikiwa kutoka B kwa treni ya ndani, na C unaungana na B kwa miguu. Geti la D liko upande wa Jengo la 1. Geti la F ni Jengo la 2, ng'ambo ya njia za kurukia, na huko abiria hupelekwa kwa basi.

Kumbi A na B kila moja ina urefu unaokaribia kilomita moja, kwa hiyo ni vyema kulifikia geti kwanza, kujua lilipo, ndipo kutafuta chakula, kuoga au kuswali. Vyumba vya kuswalia vipo katika kumbi, na intaneti ni ya bure. Jambo linalowanasa wengi ni ukimya: Dubai haitangazi kila safari kwa vipaza sauti, na anayesinzia kwenye kiti akingoja kusikia jina la mji wake anaweza kuachwa. Mageti ya Emirates hufungwa dakika 20 kabla ya kuruka. Kengele ya simu iwekwe mapema zaidi ya hapo.

Kwa wazee, na kwa asiyejua Kiingereza wala Kiarabu, safari hii inaweza kurahisishwa kuliko wengi wanavyodhani. Asiyeweza kutembea mbali huombewa kiti cha magurudumu bila malipo, angalau saa 48 kabla, na mhudumu humchukua kutoka ndege moja hadi geti la nyingine. Familia inayomsafirisha mama ifanye hivyo bila kuona haya. Zaidi ya hapo, imwandikie karatasi kwa Kiingereza yenye namba za ndege, anakokwenda, dawa anazotumia na simu ya anayempokea, naye aivae shingoni pamoja na pasipoti. Karatasi haiishi chaji.

Yapo yasiyozuilika. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa Falme za Kiarabu tangu mwaka 1949 ilifurika hadi kwenye njia za ndege, na maelfu ya watu walikwama Dubai, baadhi kwa siku kadhaa na mbali na masanduku yao. Kwa hali kama hiyo, begi la mkononi liwe na dawa za siku tatu, nguo ya kubadilisha, chaja na fedha taslimu kidogo. Aliyepitwa na ndege aende haraka kwenye kaunta ya kuunganisha ndege, na wakati yuko kwenye foleni apige simu au afungue programu ya shirika, kwa kuwa nafasi zilizobaki hupewa wanaowahi.

Mwisho wa safari, sanduku lisipotokea, abiria asitoke ukumbini. Ofisi ya mizigo humwandikia ripoti yenye namba ya kufuatilia, kwa kutumia kile kikaratasi cha kaunta. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unampa siku 7 tangu kupokea mzigo kulalamika kwa maandishi kama umeharibika, na siku 21 kama ulichelewa. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika humpa haki ya kudai fidia kama uliopotea, na risiti za vitu alivyolazimika kununua akiungoja ndizo ushahidi wake.