Kilomita 42 na Nguvu za Nyumbani

Karibu kila andiko la mradi nililowahi kusoma lina mstari wa mchango wa jamii. Fedha za mfadhili huandikwa hadi shilingi ya mwisho, na za halmashauri huandikwa kwa vifungu vyake. Kisha yanakuja mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia zege na siku za watu kuchimba msingi, na vyote hivyo vinarundikwa katika tarakimu moja ya kukisia. Kwenye vikao tunaviita nguvu za wananchi. Nimefanya kazi ya kufuatilia miradi vijijini kwa miaka mingi, na mstari huo ndio ninaoutazama kabla ya mingine yote. Boma la darasa likikaa kwenye renta miaka bila bati, au kituo cha maji kikikauka kabla rangi ya uzinduzi haijapauka, mara nyingi chanzo kimelala hapo: kuna watu walioandikwa kwamba watafanya kazi, na hakuna aliyekaa nao kuwauliza wana saa ngapi za kuifanya.

Sasa mstari huo umeingia nyumbani kwetu, hapa Rubwera, wilayani Kyerwa. Nina mradi wa kukimbia kilomita 42.195 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, mwishoni mwa Februari. Mbio hizo zinazokimbiwa tangu 2003 huanzia na kuishia kwenye uwanja wa Ushirika, na anayekimbia umbali kamili huanza kuupanda mwinuko wa Mweka wakati nusu ya njia imekwisha kumla. Mpango wangu wa mazoezi ni wa wiki 16, kama ile inayotumiwa na maelfu ya watu duniani: mbio 4 kwa wiki, moja kati yake ikirefuka kidogo kidogo hadi kufika kilomita 32, kisha wiki za mwisho za kupunguza ili mwili ufike siku yenyewe umepumzika. Ni mpango wenye akili. Misuli na ini huhifadhi wanga wa kumfikisha mtu kwenye kilomita ya 30 hivi, na asiyeuzoesha mwili wake kuvuka hapo miguu itamgomea barabarani.

Hesabu wiki 16 kurudi nyuma kutoka mwisho wa Februari, unaangukia mwanzoni mwa Novemba. Mtu wa Kyerwa hahitaji kuambiwa Novemba ni mwezi wa namna gani. Vuli imeshika, barabara za udongo zinateleza kuanzia hapa mjini hadi upande wa Nkwenda, maharage yaliyopandwa mwanzoni mwa mvua yanadai palizi, na usiku senene wakianguka hakuna nyumba inayolala mapema. Mvua inapopungua, maharage yanataka kung'olewa, kuanikwa na kupigwa. Januari inakuja na sare za shule, madaftari na michango. Mbio ndefu kuliko zote, zile za saa tatu na zaidi, zimepangwa katikati ya hayo yote. Mpango umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye Jumapili yake haina mwenyewe. Kwetu Jumapili ni ya ibada, Jumamosi ni ya shamba, na siku yoyote inaweza kuwa ya msiba.

Niliposema nyumbani kwamba nataka kukimbia Moshi, baba watoto hakuniuliza nimepatwa na nini. Aliuliza, "Utakuwa unatoka saa ngapi, na kurudi saa ngapi?" Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupitisha miradi, na swali hilo nimelisikia mara chache sana.

Jibu la swali hilo ndilo limekuwa mradi halisi. Siku ya mbio ndefu tunatoka saa kumi na moja alfajiri, mimi kwa miguu na yeye kwa baiskeli, tochi mkononi, na kwenye kapu maji, ndizi mbivu na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Milima ya huku haikubaliani na baiskeli. Mahali pengi hushuka akaisukuma, na huko juu tunapishana na watu wanaowahi mashambani. Mwanamke anayekimbia peke yake gizani huulizwa amekimbizwa na nani, au nyumbani kwao amefariki nani. Akiwa na mume pembeni husalimiwa tu na kupita. Sipendi kwamba ndivyo ilivyo. Lakini ndivyo ilivyo, na kiusalama tofauti hiyo ni kubwa kuliko raba yoyote ninayoweza kununua mnadani.

Kuhusu mwendo, tuliuacha mapema. Mpango unataja dakika kwa kila kilomita kana kwamba barabara zote duniani ni tambarare. Tukabadilisha kilomita za katikati ya wiki kuwa dakika: nakimbia saa nzima, mlima uwe umenipa kilomita ngapi, basi. Siku ya kupalilia kwa jembe hatuiiti tena siku ya mapumziko, kwa sababu kiuno hakijui kwamba kile hakikuwa mazoezi.

Lakini kilichotushughulisha zaidi ni saa zinazofuata. Kwenye jedwali la mpango huandikwa "kilomita 28" na siku imefungwa. Huku nyumbani siku ndiyo inaanza. Nikirudi siwezi kuinama. Lazima maji ya kuoga yawe motoni, watoto wawe wamekunywa uji, ndoo ziwe zimejaa, na kabla ya saa saba ndizi ziwe zimemenywa na kuinjikwa na maharage, kwa sababu njaa ya baada ya mbio ndefu si njaa ya kawaida. Baadaye nahitaji kulala mchana, jambo ambalo katika kaya ya hapa hufanywa na mgonjwa au mzazi aliyejifungua juzi. Saa tatu za kukimbia zinazaa saa nyingine nne au tano za kazi, na hizo zote zimehamia mikononi mwa mtu mmoja. Baba watoto amejifunza kumenya ndizi. Kisu kilimsumbua, utomvu ukamganda vidoleni, sasa anamenya mkungu mzima akizungumza na watoto habari za shule.

Majirani wameona, na wamenipongeza. "Mama, wewe una bahati." Nakubali, na nimemwambia hivyo mwenyewe. Ila pongezi hizo zina jambo linalonisumbua. Tuna vijana wa mpira hapa, wenye wake na watoto, wanaofanya mazoezi kila jioni na kusafiri kucheza mechi. Sijamsikia mtu hata mmoja akimwambia mmoja wao kwamba ana bahati kwa kuwa mkewe alipika, alifua jezi na alibaki na watoto. Kazi ni ileile. Ikifanywa na mwanaume inaonekana na kuhesabiwa kuwa msaada. Ikifanywa na mwanamke inazama kwenye mstari ule wa tarakimu ya kukisia.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, miezi mitano tu baada ya yeye kushika nafasi ya 2 Boston. Simbu ni askari wa JWTZ, na wakimbiaji wetu wakubwa wengi wamelelewa na majeshi na kambi za mazoezi. Kambi nzuri, ukiichambua, ni chakula kinachokuwa tayari kwa wakati, maji ya kuoga, kitanda cha mchana na mtu wa kukuangalia ukiumia. Kambi huwa na bajeti, na anayepika ana posho. Ndiyo maana napenda kuwaambia wanaonisikiliza kwamba mume wangu hanisaidii mradi, yeye ndiye kambi. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemlipa.

Mfano ninaoutafakari zaidi ni wa Catherine Ndereba wa Kenya. Binti yake alizaliwa 1997. Katika miaka iliyofuata Ndereba alikaa Marekani kwa miezi akifanya mazoezi na kushindana, na mumewe Anthony Maina akabaki Kenya na mtoto. Alishinda Boston mara 4, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005. Chicago, Oktoba 2001, alikimbia saa 2:18:47, na wakati huo hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amewahi kukimbia haraka hivyo. Akawa bingwa wa dunia Paris 2003 na Osaka 2007, akaleta medali za fedha za Olimpiki kutoka Athens na Beijing. Ziweke tarehe hizo kando ya umri wa mtoto. Siku ya Chicago ana miaka 4. Siku ya Paris ana 6, umri wa kuanza shule. Siku ya Beijing ana 11. Kila medali ina mwaka wa malezi pembeni yake, homa za usiku, viatu vinavyobana, na kulikuwa na mtu aliyekuwa pale. Vitabu vya rekodi havina safu yake.

Edna Kiplagat naye alifundishwa na mumewe, Gilbert Koech, mkimbiaji wa zamani, wakilea pamoja watoto watano, baadhi yao si wa kuwazaa. Kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia, Daegu 2011, Kiplagat alianguka kwenye meza ya maji zikiwa zimebaki kilomita chache, akainuka, akashinda. Moscow 2013 akashinda tena. Boston alishinda 2017, akiwa na miaka 37.

Siwezi kuandika habari za wenzi na wakimbiaji nikaishia hapo. Agnes Tirop wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee Septemba 2021, na mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Mwanzoni mwa Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, akafariki siku chache baadaye. Polisi walimtaja aliyekuwa mpenzi wake. Mtu anayekupangia saa, chakula na safari anakaa karibu mno na fedha zako, na akiamua kwamba mradi ni wake, wewe unageuka kuwa mtaji. Katika miradi ya vijijini tumeliona hili kwa sura yake ndogo, pale mfadhili anapoondoka na funguo za jengo. Kwa hiyo msaada wa mwenzi napenda uandikwe, saa kwa saa, hata kwenye ndoa yenye amani kama yetu. Kilichoandikwa kinaweza kulipwa na kusimamishwa, na mmoja anaweza kusema basi, inatosha.

Tumeandika. Kwenye ukuta wa sebule kuna karatasi yenye safu tatu: nilichokimbia, alichofanya yeye, na ninachomdai. Safu ya tatu ilikuwa wazo lake, na mwanzoni sikuipenda, niliona inanuka biashara. Sasa naona ndiyo iliyotuokoa mwezi wa Desemba. Kuna Jumamosi ilipangwa mbio ndefu kupita zote za mwezi huo, na alfajiri ile tukapata taarifa ya msiba kwa jirani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimekwisha kufunga kamba za raba. "Mama watoto," akasema, "mbio zitangoja. Maiti haingoji." Tukaenda, yeye kuchimba kaburi na wanaume wenzake, mimi kumenya ndizi na kina mama. Jumanne yake, bila mimi kuomba, alikuwa amepanga kumwacha mtoto mdogo kwa shangazi ili nikimbie zile kilomita kabla ya kazi. Baadhi ya wataalamu wangeniambia kwamba mpango ulivurugika. Kwenye karatasi yetu wiki hiyo inasomeka vizuri.

Naandika haya Januari, maharage yakiwa uani yanasubiri kupigwa. Safari ya Moshi ni ndefu, basi kupitia Biharamulo, Kahama, Singida, Babati na Arusha, na tunaenda wawili. Mama mkwe atakuja kukaa na watoto, na saa zake nazo tumeziandika.

Mbio zikiisha, Jumamosi zinahamia kwa baba watoto. Anataka kitalu cha miche ya kahawa kabla masika hayajakolea, robusta inayovumilia mnyauko, ambayo watafiti wa kahawa pale Maruku wameisambaza huku kwetu Kagera. Kitalu kinataka kivuli, udongo wa kuchekecha, viriba vya kujaza kwa mkono na maji asubuhi na jioni, miezi mfululizo. Nimemuuliza atahitaji kutoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Amenitajia, na nimeanza kujaza safu yangu. Maji ya jioni ni yangu, na kujaza viriba tutafanya wote.