Baada ya wiki tisa za kujifunza kukimbia, mwenye miaka 50 asiwe na pupa

MTU aliyeanza kukimbia ukubwani hudanganyika kwa urahisi zaidi si siku ya kwanza anapofunga kamba za raba, bali miezi michache baadaye, pale anapomaliza programu ya wanaoanza. Wakati huo pumzi imekwisha kukaa sawa, lakini miguu bado haijawa tayari.

Programu inayofahamika zaidi kati ya hizo ilitungwa mwaka 1996 na Mmarekani Josh Clark. Humtaka mtu afanye mazoezi siku tatu kwa wiki, kwa wiki tisa, akianza kwa kuchanganya sekunde 60 za kukimbia na sekunde 90 za kutembea, hadi aweze kukimbia dakika 30 mfululizo au kilometa tano.

Siku hizi programu za namna hiyo zinapatikana kwenye simu, hivyo mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuifuata bila kocha. Tatizo huja wiki ya kumi. Simu imenyamaza, mkimbiaji anajisikia kijana, na wenzake kazini wanamshawishi ajiandikishe kwenye kilometa 21 za mbio za Kilimanjaro mjini Moshi.

Sababu ya kumtaka asubiri ni ya kimaumbile. Moyo, damu na misuli huanza kuzoea kazi mpya ndani ya wiki chache. Kano zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji miezi, na umri unapozidi kusogea kazi hiyo huwa ya polepole zaidi. Kwa wanawake waliokoma hedhi, mifupa huwa pia imepungua uimara.

Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza kilometa nane bila kuhema, kisha kesho yake akashindwa kukanyaga kwa maumivu ya kisigino, ugoko au goti.

Jambo la kwanza baada ya wiki ya tisa, basi, ni kutoongeza chochote. Kwa wiki nne abaki na siku zake tatu na dakika zake 30. Siku za katikati atembee au apumzike.

Baada ya hapo aongeze kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ama umbali, ama kasi, ama mlima. Hili la mlima husahaulika mno. Kilometa tano za pembezoni mwa ziwa mjini Musoma si sawa na kilometa tano za Butiama, ambako njia hupanda na kushuka. Mteremko, ambao wengi huuona kama mapumziko, huyatesa mapaja na magoti kuliko mpando.

Kuhusu umbali, upo utafiti wa karibuni wenye manufaa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji 5,205 kwa miezi 18. Walioumia zaidi walikuwa wale ambao siku moja walikimbia umbali uliozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko yote waliyokimbia katika siku 30 zilizotangulia. Aliyeuzidisha zaidi ya mara mbili, hatari yake ya kuumia ilikuwa zaidi ya maradufu.

Tufanye hesabu. Mwenye kilometa tano akiongeza asilimia 10 kila mara, atahitaji hatua nane ili avuke kilometa 10. Akipanda hatua moja kila baada ya wiki mbili, hiyo ni miezi minne hivi, ukiacha ule mwezi mmoja wa kutulia. Huo ndio mwendo wa busara, hata kama kijana wake wa kidato cha nne atamcheka.

Izingatiwe kwamba kipimo ni siku 30 zilizopita. Aliyekaa wiki tano bila kukimbia kwa sababu ya msiba, safari au malaria hawezi kuanzia pale alipoachia. Aliyetoka kuugua homa amalize kwanza dawa, apate nguvu ya kutembea nusu saa bila kuchoka, kisha arudie kuchanganya kutembea na kukimbia.

Kwa upande wa kasi, saa ya mkononi si lazima. Mtu wa miaka 55 anayekimbia katika mitaa ya Bunda atapewa shikamoo nyingi njiani. Iwapo hawezi kuitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani bila kukatika pumzi, amezidisha mwendo.

Kipimo hicho kina faida ya ziada kwa wanaotumia dawa za shinikizo la damu za aina ya atenolol au propranolol. Dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo, hivyo tarakimu za kwenye saa zinaweza kumdanganya mhusika. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari abebe pipi au glukosi, na akirudi akague nyayo zake kwani kidonda kidogo huanza bila kuhisiwa.

Mwenye maradhi hayo, au ambaye hajapima shinikizo la damu na sukari kwa muda mrefu, aonane na daktari kabla ya kuongeza umbali. Kubanwa kifua, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkono wa kushoto, na kizunguzungu ni ishara za kusimama papo hapo na kwenda hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Watanzania tumelelewa na simulizi ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye Oktoba 20, 1968 mjini Mexico City alianguka, akaumia goti, na bado akamaliza marathoni akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Ni simulizi ya heshima. Lakini Akhwari alikuwa ametumwa na taifa. Mhasibu anayekimbia Jumanne asubuhi hakutumwa na mtu. Goti likilalamika, apande bodaboda arudi nyumbani.

Wala asimeze diklofenaki ili aendelee. Dawa hiyo huficha maumivu ambayo ndiyo onyo lenyewe, inaweza kupandisha shinikizo la damu, na kwa aliyepungukiwa maji mwilini inaweza kuumiza figo.

Mkoa wa Mara una mfano unaomfaa zaidi. Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere akiwa na miaka 45 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kiasi cha kilometa 220, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alitumia siku nane, yaani wastani wa kilometa 28 kwa siku. Kutembea ni mazoezi kamili, na anayetembea dakika moja kila baada ya dakika tano za kukimbia hajarudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani hushauri pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Hayahitaji ukumbi. Kuinuka kitini mara 10 bila kushika chochote, na kupanda kwa vidole vya miguu kwenye ngazi kisha kushusha visigino taratibu, yanatosha kwa kuanzia.

Imebaki barabara. Musoma jua huchomoza kwa wastani wa dakika 20 hivi baada ya Dar es Salaam, hivyo saa 12:00 asubuhi bado ni giza. Anayeishi vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ambako tembo huingia mashambani, au ufukweni wanakotoka viboko usiku kula majani, asubiri kupambazuke. Kwenye lami akimbie upande wa kulia, akiyatazama magari yanayokuja.

Fauja Singh, mzaliwa wa India aliyekimbia marathoni yake ya kwanza mjini London mwaka 2000 akihesabiwa kuwa na miaka 89, hakuangushwa na moyo wala magoti. Aligongwa na gari karibu na kijiji chake Julai 2025, akitembea kwa miguu.