Mwali Anapotoka: Jando na Unyago kwa Wamwera wa Ruangwa

Ufuta ukishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, Ruangwa hubadilika. Ngoma hulia hadi alfajiri, pombe huandaliwa, na ndugu waliohamia Lindi au Dar es Salaam hurudi na mabegi yao. Ni msimu wa kutoa wali, yaani watoto waliokuwa jandoni na unyagoni.

Mwali hutoka asubuhi. Amenyolewa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, amevaa kanga mpya. Huketi juu ya mkeka, kichwa ameinamisha, hasemi wala hacheki. Shangazi anamfunga noti kichwani, jirani anaweka sahani, bibi anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Hapo ndipo anapotunzwa.

Wa kumtazama pale uwanjani ni mjomba. Kwa Wamwera, kama kwa Wamakonde na Wayao walio jirani zao, ukoo hufuata upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba hulea na kulisha. Lakini mtoto akifikia kuingizwa jandoni, huwezi kumpita mjomba.

Wavulana hupelekwa likumbi, kambi ya porini, wakatahiriwa na kufundishwa kuvumilia maumivu, kuheshimu wakubwa na kutunza siri. Wakitoka, huwa na jina jipya. Kumwita kijana kwa jina lake la utotoni ni kumvunjia heshima. Wasichana, katika unyago, hufundwa na kungwi ndani ya nyumba: usafi wa mwili, hedhi, adabu, mambo ya ndoa. Mengi hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo, ili yasisahaulike.

Mila hii imewahi kujaribiwa. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuipiga marufuku. Aliwaruhusu Wakristo wafanye jando lenye sala ndani yake. Wazee wa Kiislamu nao waliweka dua mahali pa matambiko. Jando likabaki, kwa sababu lilikubali kubadilika.

Leo jando na unyago vinapaswa kukubali tena kubadilika. Msichana wa miaka tisa hana haja ya mafunzo ya ndoa. Akiyapata mapema, wapo watakaomwona ameshakuwa mtu mzima, na daftari litawekwa pembeni. Wazazi wengi sasa hungoja likizo, na wavulana wengi hutahiriwa kwa mikono ya tabibu. Hayo ni mazuri. Makungwi nao wayagawe mafunzo kwa umri: ya hedhi na usafi kwa aliyevunja ungo, ya ndoa kwa anayeolewa.

Kisichopaswa kupotea ni ule mkeka wa asubuhi, ukoo mzima umeuzunguka, kila mmoja amekuja na alichonacho, na mtoto anajua kwamba ana watu.