Unyambulishaji na Mwelekeo: Maelezo ya Kuunganisha Kipokezi cha Setilaiti, Deki na Televisheni

1.0 Utangulizi

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake mwaka 1994. Katika muongo huo wa 1990, baadhi ya sebule za Afrika Mashariki zilikuwa na televisheni, kipokezi cha mawimbi ya setilaiti na kinasa-video, ambacho watu walikiita deki. Enzi ya deki imepita: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Hata hivyo, kanda zilizorekodiwa wakati huo bado zimo makabatini, na mtafiti anayetaka kuzihamisha hana budi kurudi kwenye nyaya zile zile. Makala haya yanaeleza namna vifaa hivyo vinavyounganishwa. Aidha, yanadai kwamba sehemu ya ugumu wa kazi hiyo imo katika lugha ya maelekezo, hasa katika kitenzi unganisha.

2.0 Udhaifu wa kitenzi unganisha

Kitenzi hiki kina mzizi -ung-, kiambishi -an- cha kutendana, na kiambishi -ish- cha kusababisha. Kutendana huzifanya pande mbili kuwa sawa. Kwa hiyo "unganisha kipokezi na deki" na "unganisha deki na kipokezi" ni sentensi zenye maana moja. Mawimbi, kwa upande wake, hayana usawa huo. Huenda upande mmoja tu. Mtu anaweza kuchomeka ncha moja ya waya katika tundu linalotoa picha kwenye kipokezi, na ncha ya pili katika tundu linalotoa picha kwenye deki. Atakuwa ameitii sentensi kikamilifu, na kanda yake itabaki tupu.

Kiswahili kina dawa yake katika kauli ya kutendea. Tunasema mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kila mtu huelewa kwamba anayezungumziwa ni mpitaji. Vivyo hivyo, tunapendekeza tundu la kuingilia na tundu la kutokea, mpitaji akiwa ni mawimbi. Kanuni inayofuata ni nyepesi: kila waya huanza katika tundu la kutokea la kifaa kimoja na kuishia katika tundu la kuingilia la kifaa kinachofuata.

3.0 Njia ya mawimbi

Setilaiti za matangazo zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa umbali wa takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta. Dishi hukusanya mawimbi yake hafifu, na kifaa kilichoshikizwa mbele ya dishi huyakuza na kuyashusha masafa ili yaweze kusafiri ndani ya kebo hadi kwenye kipokezi. Kipokezi huchagua chaneli moja. Iwapo chaneli hiyo imefungwa kwa msimbo, king'amuzi huifungua.

Kutoka hapo, nyaya tatu huelekea deki ya kwanza: wa njano kwa picha, mweupe kwa sauti ya kushoto na mwekundu kwa sauti ya kulia. Nyaya nyingine tatu hutoka deki ya kwanza na kuingia deki ya pili, kisha za mwisho hutoka deki ya pili na kuingia televisheni. Kila deki sharti iwashwe na ichaguliwe ipokee kupitia tundu la kuingilia, si kupitia antena. Deki isiyocheza kanda huyapitisha mawimbi inayoyapokea. Ndiyo maana mtazamaji huona katika televisheni kile kinachorekodiwa. Ikumbukwe kuwa kipokezi chenye kichaguzi kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati, hivyo deki zote mbili hurekodi kitu kimoja, isipokuwa mojawapo ichukue matangazo ya antena.

Vifaa vinaweza pia kufuatanishwa kwa kebo ya antena. Hapo kila kifaa hupitisha chaneli zilizokuja na kuongeza yake, mara nyingi karibu na chaneli ya 36 ya UHF. Vifaa viwili vikitumia chaneli moja, picha huharibika kwa mwingiliano. Dawa ni kukihamishia kimoja chaneli nyingine.

4.0 Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba kutokea humaanisha pia kutukia, na kuingilia humaanisha pia kujitia katika mambo ya wengine. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini nomino tundu huondoa utata, kama nomino mlango inavyouondoa kila siku.

5.0 Hitimisho

Suala la mwelekeo huwa zito zaidi pale kanda ya zamani inaponakiliwa. Kanda asilia ikiwekwa katika deki inayopokea, na kitufe cha kurekodi kikabonyezwa, kilichomo hufutwa wala hakirudi. Kwa hiyo, kabla ya yote, kanda ya VHS ivunjwe kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwake, ili deki ikatae kuirekodi. Kisha maelekezo yaseme wazi: mawimbi yanatokea wapi, yanapitia wapi, yanaingilia wapi. Deki ya pili inaweza leo kuwa kompyuta, lakini maswali hayo matatu hayabadiliki. Kauli ya kutendea, ambayo wanafunzi wetu huijadili zaidi katika sintaksia, inaweza hapa kuokoa tamthilia au mahojiano ambayo hayana nakala nyingine.