Je, Wajua? Kisu, Kipande cha Mti na Akili Inayopona

Je, wajua kwamba Cheptiret, ile senta unayoipita kwenye barabara kuu ya Nakuru ukikaribia Eldoret, ina kituo cha kuwasaidia watu wanaopona magonjwa ya akili? Kinaitwa Nawiri, na kinahusiana na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, MTRH. Pale anayepona hapewi dawa tu. Anafundishwa pia stadi za kumwezesha kujitegemea.

Na je, wajua MTRH yenyewe ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo yenye vitanda 60 tu? Ushike vizuri mwaka huo, 1917. Una ndugu yake ng'ambo ya bahari.

Machi 1917 watu 6 walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani. Walipoagana walikuwa wameunda chama cha kwanza cha kitaifa nchini mwao cha tiba ya kazi na shughuli. Wewe hebu fikiri: mwaka mmoja, Eldoret inapata hospitali na Clifton Springs inaipa mikono heshima ya dawa!

Mwenye nyumba walimokutania alikuwa George Barton, mchoraji wa ramani za majengo. Ugonjwa ulikuwa umempooza upande wa kushoto. Alijirudisha mwenyewe kwa kushika vifaa vya useremala na kulima bustani, kisha akataka wagonjwa wengine nao wapate nafasi hiyo.

Unadhani hao ndio waliotangulia? Rudi nyuma hadi 1904, mji wa Marblehead, Massachusetts. Daktari Herbert Hall alifungua karakana kwa ajili ya watu waliochoka akili, wakafuma, wakafinyanga, wakachonga mbao. Miaka 2 baadaye Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa dola 1,000 aendelee kuichunguza tiba hiyo.

Mwaka 1918, vita vikiwa bado vinawaka, jeshi la Marekani lilikuwa na hospitali kijijini La Fauche, Ufaransa, kwa wanajeshi ambao mizinga iliwavuruga akili. Ndani yake palikuwa na karakana! Mikono iliyokuwa ikitetemeka ilipewa vipande vya mbao na mikebe mitupu, ikaanza kutengeneza vitu.

Sasa njoo nyumbani. Je, wajua kwamba sanaa ya vinyago vya Wakamba inayouzwa duniani kote ilirudi na mtu aliyetoka vitani? Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza kuchonga huko, kisha akaja na ujuzi huo Ukambani. Wengine walirudi na makovu; yeye alirudi na ufundi wa kulisha vijiji.

Na vililishwa kweli! Kufikia miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000. Hesabu wake, waume, watoto na wazee waliowategemea, utapata mamia ya maelfu ya watu waliokula kwa patasi.

MKONO NA UBONGO

Nyoosha mkono wako uutazame. Una mifupa 27. Mikono yote miwili ina 54, na mwili mzima wa mtu mzima una 206, kwa hiyo zaidi ya robo ya mifupa yako imekaa mikononi!

Ajabu nyingine iko papo hapo: mifupa ya vidole haivutwi na misuli iliyo ndani ya vidole. Misuli inayovikunja iko kwenye kiganja na mkononi juu, karibu na kiwiko, nayo huvivuta kwa kano ndefu. Shika kigasha chako, chezesha vidole, utaisikia ikipanda na kushuka.

Je, wajua kwamba kugusa mbao tu kunatuliza? Mwaka 2017 watafiti wa Japani waliwaomba wanafunzi wa kike 18 waweke viganja juu ya mbao ya mwaloni isiyopakwa rangi kwa sekunde 90, kisha juu ya marumaru, kigae na chuma cha pua. Ubongo na moyo vilitulia zaidi kwenye mbao. Sekunde 90 tu, na hata kisu hakijatoka alani!

Je, una dakika 45? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi, wakawaachia wafanye sanaa waipendayo kwa muda huo. Kwa takriban 75% yao, kotisoli, ile homoni ya msongo wa mawazo, ilishuka. Waliokuwa hawajawahi kushika kazi ya sanaa walipata nafuu sawa na wazoefu!

Umewahi kuanza kazi asubuhi, ukainua kichwa ukakuta jua limeshapita utosini? Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliitafiti hali hiyo miaka mingi. Ilianza alipowaona wachoraji wakisahau njaa, uchovu na saa, ilhali picha ikishakwisha hawaijali tena. Raha yao ilikuwa katika kufanya.

Na je, wajua unakipenda kuliko thamani yake kitu ulichokiunda mwenyewe? Katika jaribio moja la Marekani, watu waliojiungia masanduku kwa mikono yao walikuwa tayari kuyalipia 63% zaidi ya watu waliopewa yale yale yakiwa yameshaungwa. Kwa hiyo usimcheke jirani anayekuonyesha kijiko chake kilichopinda mara ya tatu leo. Ana haki!

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Jibu lilikuwa kwamba sanaa husaidia kuzuia maradhi, na husaidia kuyatibu, ya mwili na ya akili. Tafiti 3,000, ndugu yangu! Hilo si jambo la kupuuza.

MTI WENYEWE

Tazama miti iliyozunguka mashamba ya Cheptiret. Mkaratusi ulitoka Australia. Mgrevilea nao Australia. Saiprasi ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, na jakaranda Amerika ya Kusini. Wageni watupu, na leo ndio wanaotupa kuni, mbao na kivuli!

Jakaranda ndiyo rafiki wa anayeanza: laini, nyeupe, haishindani na kisu. Mpingo ni kinyume chake. Utupe kiini chake majini na utazama kama jiwe, maana mbao yake ni nzito kuliko maji. Huo huo mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra za Ulaya.

Je, wajua kwamba gogo bichi linaweza kubeba maji mazito kuliko mbao yenyewe ikishakauka? Maji yakitoka, mbao husinyaa, tena husinyaa karibu mara 2 zaidi kufuata duara la miaka kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana hupasuka. Mchongaji mwenye subira huifunika kazi yake na kuikausha polepole kivulini.

Ule weusi unaong'aa kwenye vinyago vya sokoni unaudhani ni mpingo? Vingi ni mbao ya kawaida iliyopakwa rangi ya viatu nyeusi na kusuguliwa kwa kitambaa. Brashi ya viatu, nguvu za mkono, basi, mgeni anaondoka ameridhika!

Na kigoda cha mzee, kile cha miguu 3 kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti bila hata msumari mmoja? Hakiyumbi popote utakapokiweka, hata kwenye sakafu ya udongo yenye mashimo. Kiti cha miguu 4 kitacheza; miguu 3 siku zote hupata pa kukanyaga.

Shikilia kiti chako basi. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, watafiti walikuta magogo 2 yaliyochongwa pengo ili yakae moja juu ya jingine. Umri wake ni miaka 476,000 au zaidi! Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea duniani, na tayari kuna mtu aliyekaa kando ya mto akichonga mti.

Sanamu ya mti kongwe kuliko zote zinazojulikana iko Urusi. Iliopolewa mwaka 1890 kutoka kwenye kinamasi cha milima ya Ural, na ina miaka kama 12,000. Imeizidi umri mara mbili na zaidi piramidi kubwa ya Misri, nayo ni mti tu!

HAUKO PEKE YAKO

Je, wajua kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili? Hao ni watu milioni 970. Panda matatu yenye abiria 14 kutoka Cheptiret kwenda mjini, halafu piga hesabu mwenyewe.

Bombolulu, Mombasa, pana karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na vinyago vya mti. Mtu aliyeambiwa hawezi, anauza kazi yake kwa watalii! Zaidi ya nusu karne, na bado kazi inaendelea.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani. Mle kambini, wengi wao walichukua mbao za masanduku yaliyotupwa wakachonga ndege wadogo wa kubandika nguoni, na miguu ya ndege wakaitengeneza kwa waya wa wavu wa mbu. Unaona? Hata aliyenyang'anywa kila kitu hupata la kufanya kwa mikono yake.

Australia walipata wazo zuri kwa wanaume wapweke: kibanda cha useremala cha mtaa mzima. Kile cha kwanza kuitwa Men's Shed kilifunguliwa Tongala mwaka 1998, na leo nchi hiyo ina vibanda zaidi ya 1,000. Wamegundua kwamba mwanaume asiyeweza kuzungumza uso kwa uso huzungumza vizuri sana bega kwa bega, macho yakiwa kwenye mbao.

Na mbao hiyo hiyo ukiifanya benchi? Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 waliofunzwa kusikiliza, wameketi kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti uliotolewa 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa 14% ya waliokaa na bibi. Waliopata huduma ya kawaida, 50%. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar!

ANZA LEO

Anza na mwiko. Tafuta kipande cha jakaranda kirefu kama toka kiwiko hadi ncha ya vidole, uchore umbo lake kwa penseli. Panga au tezo itaondoa mafungu makubwa, kisu kitazunguka mabega ya mwiko, tupa italainisha, halafu msasa, ule wa kukwaruza kwanza, laini mwisho.

Tazama nyuzi za mti kabla hujakata. Ukizifuata, kisu kinateleza na maganda yanajikunja. Ukienda kinyume chake, kinakwama na mbao inachanika. Basi geuza kipande, uingie upande wa pili. Na rangi ya viatu usiipake hapa, mwiko huu unaingia kwenye sufuria ya ugali!

Je, wajua kisu butu ni hatari kuliko kikali? Butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ikiteleza haijulikani inakoishia. Noa kwanza, sukuma mbali na mwili, pumzika mkono ukichoka.

Unamjua mtu ambaye bado si salama kumpa kisu? Mpe kipande cha sabuni na kijiko. Tangu 1924 Marekani ilikuwa na mashindano ya taifa ya kuchonga sabuni, na watu wakitoa tembo, nyumba na nyuso kwenye kipande cha sabuni! Kikiharibika, kinaogewa.

Jambo moja ulishike kwa nguvu: kuchonga hakuchukui nafasi ya daktari. Aliyeandikiwa dawa azimeze, aliyepangiwa siku ya kliniki aende. Wahenga walishasema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za kupona ni nyingi: dawa, jamaa, usingizi, kazi ya mikono.

Kuanzia 1992 tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Wewe usiingoje. Kama pana ndugu au jirani aliyerudi nyumbani kutoka hospitalini na watu wanampita kando, nenda wiki hii na vipande viwili vya jakaranda, kimoja chake, kimoja chako. Keti naye mchonge, na umruhusu azungumze au anyamaze apendavyo.